Abiria Niliyemwita Mkwe

Kwa wote mlioandika kuuliza kama tramu iliumia: haikuumia. Ilikwaruzika rangi kidogo tu. Dereva wake alishuka, akaitazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka ikabidi aegemee mlango.

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana, jina langu ni Nirapada Halder, na kwa Kibengali chetu Nirapada maana yake ni salama. Mnaruhusiwa kucheka. Teksi yangu ya njano ilitimiza miaka kumi na mitano, umri ambao sheria ya hapa Kolkata inataka gari la abiria likapondwe, na ikapondwa. Nikabaki na leseni bila gari. Shemeji yangu Bishwanath, kaka wa mke wangu, anafunga umeme huko Muskati. Alituachia ghorofa ya chini ya nyumba yake tukae bure, na gari lake jeupe tulifunike turubai. Maneno yake ya mwisho pale uwanja wa ndege yalikuwa haya: "Nyumba kaeni. Gari msiguse. Mkigusa gari, nyumba mtoke."

Nikaligusa. Nikajiunga na kampuni ndogo ya magari ya kuita kwa simu, inaitwa Cholo, ofisi yake iko nyuma ya duka la vocha na haina maswali mengi. Wiki jana niliwaacha kwenye makutano ya Gariahat, saa nne asubuhi, pua ya gari la shemeji imejikunja kwenye ubavu wa tramu, na kiti cha nyuma yuko abiria mwenye damu mdomoni na mtindi kichwani.

Ubaya wa kugonga tramu ni kwamba huna pa kusingizia. Basi utasema lilikuhamia. Ng'ombe utasema alikurupuka. Tramu iko kwenye reli yake tangu babu yangu hajazaliwa, na hii tena ilikuwa imesimama.

Na kwa kuwa haya ni maungamo, acha niseme kwa nini niliigonga. Nilikuwa nimegeuka nyuma, dirisha langu wazi, nampigia abiria kelele kwa hasira kwamba Behala siendi.

Mtanielewa. Miaka thelathini na mmoja nimeendesha teksi ya njano, na neno nililolisema kuliko yote, kuliko hata jina la mke wangu, ni siendi. Howrah? Siendi. Uwanja wa ndege? Siendi, labda unipe nauli ya kurudi. Serikali ikatuandikia milangoni kwa rangi: HAKUNA KUKATAA ABIRIA. Nikawa naegesha mlango ule upande wa ukutani. Kila dereva ana mahali ambapo hata akifungwa kamba haendi, na mimi pangu ni Behala. Barabara yake ilichimbwa siku niliyopata leseni na nasikia wanaichimba bado.

Sasa hizi gari za simu hazina siendi. Ukishabonyeza umekubali, na mimi nilibonyeza kabla sijasoma.

Sajini wa trafiki akafika na magwanda yake meupe. Hakuangalia tramu. Aliangalia namba.

"Namba nyeupe," akasema. "Umebeba abiria kwa gari la namba nyeupe?"

Hapa kwetu gari la kukodi lina namba ya njano, na bima yake inajua kwamba wageni watapanda. Namba nyeupe ni ya familia, na bima yake haimjui mtu mwingine zaidi ya familia. Ukimpakia abiria wa kulipa, siku ya ajali kampuni inafunga faili na kukutakia afya njema. Nayajua haya vizuri kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nayatangaza. Miaka miwili nimeshika kipaza sauti cha chama cha teksi za njano, nimesimama juu ya tela, nauliza: "Abiria wa namba nyeupe aking'oka jino, nani atamtibu?" Na madereva mia nne wananijibu: "Hakunaaa!"

Abiria wangu alikuwa ameshika jino lake la mbele kiganjani.

"Abiria yupi, bwana sajini?" nikasema. "Huyu ni mkwe wangu."

Sajini akamtazama kijana. Dhoti nyeupe, shuka ya kiunoni iliyopigwa pasi, kanzu fupi ya hariri, chungu cha mtindi kilichovunjika, na samaki wa hilsa kwenye karatasi, mkia nje. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Ilikuwa Jamai Shashthi, Siku ya Mkwe, siku ambayo kila mama mkwe wa Kibengali anamwita mume wa binti yake, anamfunga uzi wa manjano mkononi, anampepea, na anamlisha mpaka ashindwe kuinuka. Mji mzima asubuhi ile ulijaa wanaume waliovaa vile na kubeba samaki.

"Heri ya Siku ya Mkwe," sajini akasema, na akapiga saluti. "Muwahishe, mama asije akalia."

Nilijipongeza kwa akili yangu. Sikukumbuka kwamba siku ile, kuliko siku zote za mwaka, mkwe lazima awe na mahali pa kwenda kula.

*

Tulilivuta gari mpaka gereji ya fundi Madan. Bila saini ya mkaguzi wa bima, Madan hagusi hata skrubu, na Jumapili shemeji anatua kutoka Muskati. Hesabu ilikuwa hiyo tu: saini leo, au mimi, mke wangu na binti yetu barabarani wiki ijayo na masufuria yetu.

Nikaipigia bima, na mkaguzi akafika upesi ajabu, hata chai yetu haijapoa. Nilidhani ni bahati. Bwana Ghoshal, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwavuli kwapani, mkoba wa ngozi, na miwani anayoivua kila anapotaka kukuona vizuri.

"Majeruhi ni nani yako?"

"Mkwe."

"Anaitwa nani?"

Nikaichungulia simu. "Deb," nikasema, kwa sababu kioo kilikuwa kimepasuka na herufi zilizobaki zilikuwa hizo.

"Debmalya," kijana akamalizia kwa hasira. "Na mimi thi mkwe wa..."

Bila jino la mbele kila s yake ilitoka na upepo. Bwana Ghoshal alimnyooshea kidole, taratibu, kama mwalimu.

"Kabla hujamaliza hiyo sentensi, kijana, nikueleze bima hii. Mtu wa familia akiumia ndani ya gari, tunamtibu. Jino tunaweka jipya. Abiria wa kulipa hatumpi hata pamba. Ulikuwa unasema wewe si mkwe wa nani?"

Debmalya alitazama jino lake. Ameoa majira ya baridi yaliyopita, hii ndiyo Siku ya Mkwe yake ya kwanza, na kuna mama mkwe huko Behala ambaye ameualika ukoo mzima uje kumtazama akicheka.

"Nilikuwa nathema," akasema, "mimi thi mkwe wa kulalamika. Baba mkwe, unaumwa popote?"

"Unafanya kazi gani?" Bwana Ghoshal akamuuliza.

"Benki," nikajibu mimi.

"Mwalimu," akajibu yeye.

Bwana Ghoshal akavua miwani.

"Anafundisha benki," nikasema.

Bwana Ghoshal aliandika, au alijifanya anaandika. Kisha akafunga mkoba. "Vizuri. Sasa twende nyumbani kwenu nikamwone mama mkwe na mke wa majeruhi. Ni utaratibu. Na leo, ndugu yangu, wenzangu wote ofisini wako kwa wakwe zao. Mimi wangu alifariki zamani, kwa hiyo kila Siku ya Mkwe napangiwa kazi. Nadhani mnapika?"

"Tunapika!" nikasema.

Nilisogea pembeni nikampigia mke wangu Shefali.

"Mama Buli, anza kukaanga. Mkwe anakuja."

"Mkwe wa nani?"

"Wetu."

"Baba Buli, umekunywa nini asubuhi hii? Buli hajaolewa!"

"Ameolewa leo, mpaka kama saa tisa hivi. Nitakueleza. Una samaki?"

"Nina biringanya!"

"Basi samaki anakuja na mkwe."

Tukatoka barabarani kutafuta teksi. Ya kwanza ya njano ikapunguza mwendo, dereva akachungulia, nikamtajia mtaa wetu, Kasba. "Kasba? Siendi." Ya pili: "Siendi, kaka, zamu imeisha." Wa tatu hakusema chochote, alitikisa tu kichwa. Yule nilimfundisha mimi mwenyewe kutikisa vile. Nilisimama juani na samaki wa watu mkononi, na nakiri nilitukana teksi za njano kwa maneno ambayo chama hakiruhusu.

Bwana Ghoshal alikuwa akitazama midomo ya wale madereva.

"Wewe ulikuwa unaendesha gani zamani?" akaniuliza tukianza kutembea.

"Hizi hizi."

"Aha," akasema, akafungua mwavuli.

*

Shefali alinipokea mlangoni kwa macho ambayo yangetosha kukaangia. Lakini wageni ni wageni. Akatabasamu, akamchukua samaki, na baada ya dakika arobaini nyumba nzima inanukia haradali.

Shida ikaanza kwenye uzi.

"Siwezi," akaninong'oneza jikoni. "Uzi ule nimeuombea mungu mama Shashthi amlinde mtoto wangu. Nikamfunge mwanamume niliyemwona leo? Mungu mama atachanganyikiwa."

"Mfunge chochote cha njano!"

Akamfunga Debmalya kamba ya boksi la keki. Bado ilikuwa na kipande cha karatasi ya bei. Bwana Ghoshal alivua miwani, akaiangalia ile kamba, akavaa miwani.

Shefali akachukua upepeo wa makuti, akauchovya maji, akaanza kumpepea mkwe. Kisha kwa adabu akampepea na mkaguzi. Nikamwona Bwana Ghoshal amefumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko utaratibu wa bima unavyohitaji.

"Kula, baba," Shefali akamwambia Debmalya.

Na yule kijana, jamani! Nilimwomba awe mkwe, sikumwomba awe mkwe kweli kweli. Akasukuma sahani.

"Luchi imepoa, mama."

Shefali akanitazama. Akampa mkate mwingine wa moto.

"Na kichwa cha thamaki? Kwetu mkwe hula kichwa."

Kichwa kilikuwa tayari kwenye sahani ya Bwana Ghoshal, kinanyonywa kwa ustadi. Debmalya aliangalia samaki aliyemnunua kwa mikono yake, aliyeviziwa sokoni tangu alfajiri kwa ajili ya mama mkwe wa Behala, akiingia kinywani mwa kampuni ya bima. Machozi yalimlengalenga. Bwana Ghoshal aliyaona.

"Jino linauma?"

"Linauma thana," Debmalya akasema.

Hapo mfuko wangu wa shati ukazungumza.

"Umepotea njia," sauti ya mwanamke ikasema, kwa upole na kwa nguvu. "Geuza gari. Abiria wako anaelekea Behala."

Nilikuwa sijaizima ile safari kwenye simu ya Cholo. Kwenye teksi yangu mita ilikuwa ya chuma, unaipiga kofi inalala. Hii ya simu hata sijui inalazwa wapi.

"Nani huyo?" Bwana Ghoshal akauliza, mdomo umejaa.

"Shangazi yake Buli."

"Anaongea kutoka mfukoni?"

"Ni mfupi," akasema Shefali, akaongeza kasi ya upepeo.

Nilikuwa bado napapasa vitufe wakati mlango ulipofunguliwa akaingia binti yangu Buli. Ana miaka ishirini na saba. Amerithi neno langu: wachumba kumi na mmoja wameletwa, na kumi na mmoja amewaambia siendi. Badala yake alisoma, akafanya mtihani, na wiki ijayo anaanza kazi ya ukarani mahakamani. Barua yake tumeibandika ukutani, juu ya picha ya babu.

Alimtazama mwanamume wa dhoti anayekula tunda la lichi kwenye kiti chake.

"Mke wangu," Debmalya akasema, akisimama. "Umechelewa."

Buli akanigeukia. "Baba. Nimeolewa lini?"

"Anatania," nikamwambia Bwana Ghoshal. "Wamegombana tangu jana."

Nikamvuta jikoni. Nikamweleza kwa sentensi nne: gari, tramu, bima, Jumapili. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimwangalia mama yake pale sebuleni, jasho limemlowesha mgongo, anawapepea wanaume wawili asiowajua.

"Na baada ya Jumapili mama atalala wapi?" akauliza.

Nikaokota sahani nikaanza kuipangusa.

*

Bwana Ghoshal aliosha mikono, akatandaza fomu mezani, akaichomoa kalamu.

"Imebaki saini moja. Mke wa majeruhi. 'Nathibitisha kwa kiapo kwamba mtajwa ni mume wangu na hakuwa abiria wa kulipa.' Wakili wa viapo yuko pale kona, nimemwona na meza yake. Ni dakika mbili. Twende, binti."

Buli akavaa ndala.

Nataka muelewe. Mtoto huyu akiwa na miaka sita alirudisha penseli aliyoiokota shuleni, akalia njia nzima kwa sababu hakujua ni ya nani. Sasa anakwenda kuapa uongo mbele ya wakili, wiki moja kabla ya kuanza kazi mahakamani, kwa sababu baba yake hakuweza kuliacha turubai juu ya gari. Akapita mbele yangu bila kuniangalia. Alikuwa amekaza taya kama anayekwenda kudungwa sindano. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi ni mtu niliyegonga tramu.

"Twende na wewe, baba mkwe," akasema Bwana Ghoshal. "Utakuwa shahidi."

"Siendi," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kazini: fupi, kavu, kichwa nimekigeuzia pembeni kama naangalia taa za barabarani.

"Siendi, na binti yangu haendi. Hajaolewa. Huyu kijana ni abiria wa kulipa, nilimpakia kwa namba nyeupe, na mkwe wangu hajazaliwa. Andika hivyo. Buli, vua ndala."

Shefali akakaa chini polepole. Debmalya akauliza, kwa sauti ndogo, "Na jino langu?"

Lakini Bwana Ghoshal hakuandika kitu. Alikuwa amevua miwani.

"Hilo la abiria nalijua tangu saa nne," akasema. "Nilikuwa ndani ya tramu. Kiti cha tatu, dirishani. Mkwe hakai nyuma kama bosi, mkwe anakaa mbele. Na uzi wa mkwe hauna bei. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulichosema sasa hivi."

"Siendi?"

"Hivyo hivyo."

Akakunja miwani, akaiweka juu ya fomu. Alipoanza kusema alimwangalia Shefali, siyo mimi.

"Mama, mwaka ule wa mvua iliyozamisha mji, mama mkwe wangu alizidiwa. Nilimbeba mgongoni mpaka Hazra, maji magotini. Saa nane mchana. Ikaja teksi ya njano, ikapunguza mwendo. Dereva alishusha kioo nusu, akaniuliza wapi, akasema siendi. Akasema ndiyo kwanza anakwenda kula. Kioo akakipandisha."

"Mungu wangu," Shefali akasema.

"Nikampakia kwenye mkokoteni wa mboga, katikati ya maboga. Njia nzima alinigombeza. Akaniambia, wewe mkwe hata boga hujui kuchagua, haya yote mabovu." Bwana Ghoshal alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Alikaa hospitali siku tatu, akafariki. Tangu siku hiyo hakuna aliyenipepea mpaka leo hapa kwenu."

Shefali akaushika tena upepeo, akaanza kumpepea taratibu.

"Leo asubuhi dirisha la tramu lilikuwa wazi. Nikasikia mtu anasema siendi. Nikadhani masikio yamezeeka. Ofisi iliponipigia kwamba kuna ajali Gariahat, nikasema nipeni hiyo. Sikuja kula, ingawa samaki alikuwa mzuri sana, kijana, asante. Nilikuja kulisikia lile neno kwa karibu."

Akaisogeza fomu mbele yake. Mwisho wake kuna swali kama bima ilipe, na visanduku viwili, ndiyo na hapana, na nyumba yetu iko kwenye kimoja tu.

"Nitaandika nitakachoandika," akasema. "Lakini kwanza uniambie. Ulikuwa wewe?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilikumbuka. Sikukumbuka. Nilikula mchana Hazra kila siku kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye kibanda kimoja, dengu ile ile. Na siku za mvua ndizo nilizokataa watu wengi zaidi, maana ndizo siku ambazo watu wa kukataa walikuwa wengi. Mzee mgonjwa mmoja mgongoni mwa mtu! Nilijaribu kuuona uso wake, na nyuso zilizokuja zilikuwa nyingi mno, zote zimelowa.

"Teksi za njano zilikuwa maelfu," nikasema.

"Najua."

"Sauti zinafanana."

"Najua pia."

Kumwambia hapana kulikuwa rahisi kabisa. Nikafungua mdomo, na badala ya hapana nikajikuta nimeuliza swali la kwanza ambalo dereva yeyote wa teksi ya njano anamuuliza mtu barabarani.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kwa daktari wake," Bwana Ghoshal akasema. "Behala."

Upepeo ukasimama. Buli akanitazama, na Shefali akanitazama, na hao ndio watu wawili duniani wanaojua ni wapi mimi sijawahi kumpeleka mtu yeyote. Bwana Ghoshal hakuwaangalia. Alikuwa ameshaitua ncha ya kalamu kwenye karatasi, wino umeanza kufanya doa, na kiganja chake kilikuwa kimefunika visanduku vyote viwili.